Boti Moja, Sala Mbili: Nani Anapunguza Sala Tunapotembea Baharini na Marafiki?

Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake.

Ndugu zetu wa Kibaha na Kisarawe wanapovuka kuja Unguja kututembelea, vijana hupenda kuchukua boti ya mmoja wao au ya kukodi, wakatoka Mkokotoni kwenda Tumbatu au Nungwi kuelekea Mnemba. Hilo ni halali, na ndani yake mna kuunga udugu. Swali huzuka Adhuhuri ikiwakuta majini. Mgeni husema, "Tupunguze, sisi wasafiri." Mwenyeji hajui amfuate au akamilishe. Tunaeleza hapa kwa madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu visiwani na mwambao.

Nani ni msafiri?

Kuwemo botini peke yake hakumfanyi mtu msafiri. Kinachotazamwa ni masafa ya marhala mbili, ambayo wanazuoni wengi wa sasa wameyakadiria kuwa kilomita 81 au zaidi kidogo, kwa kwenda tu. Kurudi hakuhesabiwi.

Mtu wa Kibaha au Kisarawe anayekuja Nungwi kupitia Dar es Salaam ameyapita masafa hayo. Anapunguza tangu anapotoka kwenye majengo ya mji wake. Lakini akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya safari imekatika. Mgeni wa wiki nzima Nungwi anakamilisha, hata siku anayokwenda Mnemba na kurudi.

Mwenyeji wa Mjini anayekwenda Nungwi, kama kilomita 60 kwa barabara, hapunguzi wala hakusanyi sala mbili. Akienda Pemba kutoka Mjini, masafa yametimia. Wa Nungwi anayevuka hadi Mkoani hayafikii, kwani mkondo kati ya visiwa hivi viwili ni kama kilomita 50 tu.

Wakisali jamaa

Mgeni msafiri akiwa imamu, atasali rakaa mbili na kutoa salamu. Wenyeji watasimama wakamilishe nne. Ni vyema awatangazie kabla. Mwenyeji akiwa imamu, mgeni anayemfuata ni lazima akamilishe nne, hata kama amemdiriki mwishoni.

Kibla na kusimama

Kwetu visiwani Kibla kiko karibu kaskazini moja kwa moja. Boti inayotoka Mkokotoni kwenda Nungwi, omo yake karibu inaelekea Kibla. Ikigeuka, mwenye kusali sala ya faradhi naye hugeuka arudi kaskazini. Asimame akiweza. Akichelea kuanguka majini au akishikwa na kizunguzungu, akae, arukuu na kusujudu. Maji ya bahari yanatosha kwa udhu, kwa Hadithi aliyoipokea Abu Daud. Lililo bora zaidi ni kupanga safari ili mteremke pwani kabla wakati haujatoka.

Roho ni amana

Wengi wetu tuna mtu tuliyempoteza, au tunamjua aliyepoteza, usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imepakia kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 200 walifariki. Allah awarehemu. Katika Suratul Baqarah, aya ya 195, Allah ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Kwa hiyo msizidishe idadi ya watu kwa kumwonea rafiki haya. Kila mmoja avae jaketi okozi, watoto kwanza. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na waachieni khabari nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa watu watatu wakisafiri wamweke mmoja wao kuwa amiri. Baharini mambo ya chombo ni ya nahodha. Akisema upepo umechafuka turudi, mrudi, hata kama wageni wamelipia na wanaondoka kesho.

Mnapopanda, someni dua ya kipando iliyomo katika Suratuz Zukhruf, aya ya 13 na 14.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.