Mtoto Aulizapo Jinsia Yake

Jioni katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tarime, mahindi yakipukuchuliwa juu ya gunia lililotandikwa uani, mtoto wa miaka 11 aliyeshinda machungani na kaka zake aweza kumwambia mama yake, bila ya kuinua macho: "Mama, mimi si msichana. Mimi ni mura." Neno hilo, ambalo kwa Wakurya ni kijana wa kiume na ambalo wazee hulitamka kwa fahari, huusimamisha mkono wa mama, na katika kimya kile, kabla ghadhabu au kicheko hakijatangulia, ndipo mtoto anapojua kama amepata msikilizaji au amemkosa.

Mimi ambaye kazi yangu ni kuwashauri wazazi sina neno kubwa kuliko hili mintarafu ya saa hiyo: mkono na urudi kwenye gunzi. Mtoto husema zaidi kwa mtu mwenye kazi mikononi kuliko kwa aliyemkodolea macho, na swali la upole, "Mwanangu, umeanza lini kujisikia hivyo?", latosha kumfungua. Yamkini apenda ng'ombe na kuchukia jiko, basi. Yamkini ameona mahari ya dada yake ikihesabiwa zizini, au amesikia kwamba msimu wa ukeketaji unakaribia na kwamba asiyekatwa huitwa msagane hata uzeeni, naye amekata shauri kwamba, lau kuwa msichana ndiko huku, heri asiwe. Na yamkini ni jambo la ndani zaidi, alilolibeba tangu hajajua kuhesabu. Mzazi mwenye insafu hachagui jibu jepesi kwa niaba ya mtoto. Hofu ya kisu ikiwapo aiondoe kwanza kwa ahadi iliyo wazi, kisha aendelee kusikiliza, maana kudhani kwamba kila mtoto asemaye hivi anakimbia kisu tu ni namna nyingine ya kutomsikia.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeliondoa jambo hili, la mtu kujiona wa jinsia isiyo ile aliyozaliwa nayo, katika fungu la maradhi ya akili. Na kwa mtoto ambaye hajabaleghe hutaka hisia hizo ziwe zimedumu kiasi cha miaka 2, wala haliichukui mitindo ya mavazi na michezo peke yake kuwa ni dalili. Katika umri huo haihitajiki dawa wala upasuaji, kwa hiyo mzazi hana sharti la kukata shauri lolote usiku ule. Kiboko na ndoa ya haraka havibadilishi hisia, ila humfundisha mtoto kuficha, na afichaye huzuni kwa muda mrefu aweza kufikia kuyachukia maisha yenyewe. Na atakaye kumpeleka kwa ngariba ili "awe mwanamke" ajue kwamba, mbali na damu na makovu, kumkeketa mtoto ni jinai tangu sheria ya Tanzania ya mwaka 1998, nayo yaweza kumtia mtu kifungoni miaka 5 hadi 15.

Wazee watasema mambo haya ni ya wageni. Nawaheshimu wazee wangu, walakini nawakumbusha nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, huoa msichana, na watoto atakaowazaa msichana yule kwa mwanamume mwingine huwa ni wa nyumba ya yule mwoaji, aliyeshika nafasi ya mume. Haikuwekwa kwa ajili ya hisia za nafsi bali kwa ajili ya warithi, tena imewaumiza wasichana waliotolewa bila ya ridhaa; siisifu. Lakini yadhihirisha kwamba Wakurya wamejua kupambanua umbo la mwili na nafasi ya mtu nyumbani, na ajuaye hayo hana sababu ya kutaharuki mbele ya swali la mtoto.

Pengine swali hutoka mwilini, kwa mtoto aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri, ambaye wanazuoni wa Kiislamu humwita huntha. Huyo na achunguzwe hospitali, asikatwe kitu kwa pupa. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya iliwahesabu watu hawa katika sensa ya mwaka 2019 ikapata 1,524, na sheria yake ya watoto ya mwaka 2022 inawataja.

Siri ya mtoto ni amana: asiisikie shangazi, jirani wala mchungaji kabla mwenyewe hajaridhia. Mzazi aliyeelemewa aweza kupiga namba 116, ambayo hailipiwi, au kumwendea afisa ustawi wa jamii, bila ya kutaja jina la mtoto mpaka amwamini anayesema naye. Na kisu kikikaribia, lipo dawati la jinsia na watoto la polisi, ipo Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014, na kipo kituo cha Masanga huku Tarime.

Itabaki habari ya baba. Mtoto aulizwe: tumwambie lini, na nani amwambie, mimi au wewe? Akisema bado, ngoja. Akisema, "Wewe, mama," basi ichaguliwe saa ambayo baba amekwisha kula, ng'ombe wamefungiwa, naye yu peke yake. Aambiwe yale yale aliyosema mtoto, kwa maneno ya mtoto, na neno lile la mura lisiachwe.