Viwango vya Taifa na Askari wa Lango la Bandari

Askari wa jeshi na wa polisi mnaolinda pwani ya Kismayo na visiwa vya Wabajuni, maoni yetu ya leo yanahusu kazi ambayo wengi huidhania kuwa ni ya makarani na wenye viwanda peke yao, nayo ni kazi ya shirika la viwango la taifa.

Tuanze na kitu mkijuacho vyema. Risasi ya bunduki ya AK-47 huitwa ya milimita 7.62. Risasi ya bunduki ya G3 nayo huitwa ya milimita 7.62. Lakini ganda la ile ya kwanza lina urefu wa milimita 39, na la ya pili milimita 51. Kikosi kitakachopelekewa shehena kwa kutajiwa nambari ya kwanza tu, kisitajiwe ya pili, huenda kikawa na risasi elfu kisiweze kupiga hata moja. Kiwango, basi, ni maelezo kamili ya kitu, yaliyokubaliwa na kuandikwa, ambayo mtu asiye muuzaji wala mnunuzi aweza kuyahakikisha kwa kupima.

Mwaka 1904 moto mkubwa ulizuka katika mji wa Baltimore, Marekani. Wazima moto wa miji mingine walifika kwa garimoshi kuja kusaidia, wakakuta kwamba mipira yao haishiki kwenye mabomba ya maji ya mji ule, kwani kila mji ulikuwa umejikatia hesi zake. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Pwani yetu nayo imeijua zamani hasara ya vipimo vinavyogongana. Wazee walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na nguo kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ndiyo sababu mwenye kutaka nguo alimtuma dukani ndugu yake mwenye mkono mrefu, na mwenye duka naye akamtafuta mpimaji mfupi. Mchezo wa kuchekesha, mpaka ifike zamu yako ya kulipa. Kisha, mwaka 1925, Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland. Kismayo ikatoka katika utawala uliopima kwa ratili na yadi, ikaingia katika utawala uliopima kwa kilo na mita. Wabajuni, wenye jamaa Kiunga na Faza upande wa Kenya, na Chula, Chovai na Koyama upande huu, wakajikuta wana mizani mbili katika safari moja ya jahazi. Mtu aliyepewa ratili mbili akidhani amepata kilo alipunjwa gramu 93, wala hakuna aliyeweza kuitwa mwizi.

Baada ya uhuru, Kenya nayo ilihamia kwenye kilo na mita, kisha mwaka 1974 ikaunda shirika lake la viwango. Tanzania ilitunga sheria ya jambo hilo mwaka 1975, na Uganda mwaka 1983. Somalia ilipata msiba wake: serikali kuu ilipoanguka mwaka 1991, nchi ilikaa miaka mingi bila mamlaka ya kupima kilichoingia bandarini wala kilichotoka. Leo Shirika la Viwango la Somalia lipo, lakini lina kazi ya kujenga karibu kila kitu upya.

Ubovu wa kitu hauonekani kwa macho. Boya la kujiokolea lililojazwa sponji inayonywa maji lina rangi ile ile ya boya zuri, na nahodha wa Koyama hataijua tofauti mpaka siku ya dhoruba. Dawa ya malaria isiyo na dawa ndani yake yaweza kuwa na pakiti ya kupendeza kuliko ile ya kweli.

Upande wa viwanda na biashara, tazameni mkasa wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliwafungia soko samaki waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, baada ya habari kuenea kwamba baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa sumu. Mvuvi aliyetumia nyavu kwa halali alipata hasara sawa na mtia sumu, kwa maana hakuwa na cheti cha kuaminika cha kumtenga naye. Soko lilifunguliwa tena baada ya serikali hizo kuimarisha ukaguzi wa mialo, viwanda na maabara. Kamba wakubwa wa miamba ya Chula wana thamani kubwa katika hoteli za mbali. Lakini pasipo mizani iliyohakikiwa na cheti kinachotambulika ng'ambo, mvuvi atauza kwa mizani ya dalali na kwa bei ya dalali.

Tangu Machi 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye sheria yake ya viwango ya mwaka 2006. Sheria hiyo yataka alama ya ubora ya nchi moja iheshimiwe na nchi nyingine. Jambo hili lina faida kwetu, nalo lina hatari: kosa la lango moja husafiri hadi malango yote.

Na langoni asimamaye si mkemia. Ni askari. Mkaguzi huchukua sampuli, huifunga kwa lakiri na kuitia sahihi, nayo hupelekwa maabara. Lakiri ikikatika njiani, au jina la aliyeipokea lisipoandikwa, wakili wa mwenye mali hatashindana na mkemia hata kidogo. Atauliza tu ni nani aliyekaa na kifurushi kile usiku kucha, na kesi itakuwa imekwisha. Kwa hiyo daftari la zamu, saa iliyoandikwa sawasawa, na jina lisomekalo la askari aliyepokea na aliyekabidhi, ni sehemu ya kipimo chenyewe, sawa na mizani.