Vitufe vya Sura Moja, Tabia Mbalimbali: Utangulizi

Karibu, msomaji, katika taaluma ya usanifu wa violesura, yaani ile sehemu ya programu ambayo mtu huiona na kuigusa: vitufe, menyu, vidirisha vinavyochomoza na swali. Huhitaji kuwa bingwa wa hisabati ili uanze. Unahitaji subira ya kumtazama mtu akifanya kazi, na moyo wa kumjali anapokwama. Badala ya kukutembeza uwanja mzima kwa haraka, nitakaa na jambo moja ambalo wengi hulidharau: vitufe katika programu za kuprogramu kwa michoro.

Mfano wangu ni LabVIEW, iliyotolewa mwaka 1986 na kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas, kwanza kwa kompyuta za Macintosh. Jeff Kodosky na wenzake walitaka mhandisi anayepima joto, shinikizo au mtetemo aache kuandika mistari ya amri na badala yake achore. Kila programu ina pande mbili. Mbele kuna paneli yenye vitufe, swichi na mita, mithili ya chombo halisi cha maabara. Nyuma kuna mchoro, ambamo visanduku huunganishwa kwa waya zinazopitisha data kutoka kimoja hadi kingine. Anayeunda programu hushughulika na pande zote mbili. Anayeitumia huona paneli tu.

Kitufe cha paneli hiyo kinaweza kupewa tabia moja kati ya sita. Tatu ni za kubadili hali: kitufe hugeuka mara kinapobonyezwa, au kinapoachiwa, au hugeuka kwa muda ule tu kinaposhikiliwa. Tatu nyingine hufuata nyakati hizohizo, ila kitufe hujirudisha chenyewe baada ya programu kukisoma. Zote sita zina sababu ya kuwepo. Swichi ya kuwasha pampu inapaswa kubaki ilipowekwa. Kitufe cha kusimamisha kinapaswa kusomwa mara moja kisha kirudi, la sivyo programu ikianzishwa tena itakuta imekwisha kuamriwa isimame.

Tatizo ni kwamba tabia hizi hazionekani usoni. Zimo ndani ya menyu inayofunguka ukibofya upande wa kulia wa kipanya, na hata hiyo humfaa muundaji, si mtumiaji. Ukiburuta swichi ya kawaida kuiweka kwenye paneli, huja na tabia ya kubaki. Ukiburuta kitufe cha OK au cha Stop, huja na tabia ya kujirudisha. Muundaji akibadilisha tabia ya kimoja, rangi ni ileile, ukubwa uleule, maandishi yaleyale. Fundi anayesimama mbele ya paneli yenye vitufe viwili pacha hana njia ya kujua kipi kitabaki na kipi kitarudi, mpaka avibonyeze. Na pengine alichobonyeza kimeunganishwa na mota inayozunguka.

Muundaji naye hukwama. Mwanafunzi akishazoea kusoma hali ya swichi kutoka sehemu kadhaa za mchoro kwa kutumia vigeu vya ndani, atajaribu hivyohivyo kwa kitufe cha Stop, na programu itakataa kukimbia. Katazo lenyewe ni la haki: kitufe kinachojirudisha kikisomwa na sehemu ya kwanza, ya pili itakuta kimekwisha rudi, na hakuna awezaye kuahidi ipi itatangulia. Lakini hakuna chochote katika sura ya kitufe kilichomtahadharisha mapema.

Mwaka 1996 Thomas Green na Marian Petre walichapisha uchambuzi wa lugha za michoro, wakiichukua LabVIEW na mwenzake Prograph na kuzipima kando ya Basic, lugha ya maandishi. Mojawapo ya vipimo vyao ni ulinganifu, nao wanaueleza kwa swali: mtu akishajifunza sehemu ya lugha, anaweza kukisia kiasi gani cha sehemu iliyobaki? Sijaona maelezo bora zaidi ya haya. Yanautoa ulinganifu kwenye urembo wa skrini na kuuweka kichwani mwa mtu, kwenye matarajio yake.

Usidhani basi kwamba dawa ni kufananisha kila kitu. Windows huweka OK kushoto kwa kitufe cha kughairi. Mac huweka kitufe cha kukubali mwisho kulia. Programu inayotumika kwenye mifumo yote miwili ifanane na nini: na yenyewe, au na mazingira ya mwenyeji wake? Waundaji wa Qt, zana ya kuundia programu za mifumo mbalimbali, waliamua kwamba vitufe vijipange kwa desturi ya mfumo husika, na naona walichagua vema, kwa kuwa watu wengi huishi ndani ya mfumo mmoja. Mtafiti Jonathan Grudin alikuwa amekwisha kuonya mwaka 1989 kwamba ulinganifu wa aina moja huweza kuvunja ulinganifu wa aina nyingine, na kwamba kazi ya mtumiaji ndiyo iamue. Visu vyote ni visu, lakini hakuna anayeweka kisu cha mpaka rangi pamoja na cha kukatia mkate.

Ushahidi wa zamani unaonigusa zaidi ni wa ndege za B-17 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marubani walikuwa wakikunja magurudumu baada ya kutua, wakidhani wanarudisha mabapa ya mbawa, maana vidhibiti viwili vilikaa jirani na kufanana. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipendekeza kimoja kipewe umbo la gurudumu na kingine umbo la bapa, ili mkono utambue bila jicho. Tiba ilikuwa kuvitofautisha.

Kwa hiyo msimamo wangu katika kurasa zijazo ni huu: kufanana kwa sura penye tabia tofauti ni kosa zito kuliko kutofautiana kwa sura penye tabia moja. Lile la pili huchelewesha. La kwanza hudanganya. Kitufe kinachojirudisha kinastahili alama yake ya kudumu, inayobadilika yenyewe muundaji anapobadili tabia.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, nakuomba uchukue programu moja unayoitumia kazini, umkabidhi mwenzako asiyeijua, na umuulize kabla ya kila mbonyezo anatarajia nini kitokee. Andika majibu yake yote, hasa yale yaliyokwenda kombo, kisha uyapeleke kwa waliounda programu hiyo.