Je, Wajua? Ndoa Bila Cheti

Tanzania Bara, mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama huweza kuwahesabu kuwa wameoana. Bila mahari, bila sherehe, bila cheti. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Miaka peke yake haitoshi, na hapo wengi hukosea. Kinachopimwa ni macho ya jamii. Majirani wanamwita mwenzako shemeji? Wakwe wanamtambua msibani? Mashahidi wa namna hiyo huamua kesi.

Dhana hii ya ndoa inaweza kupingwa. Mwanamke akiwa bado mke wa mtu mwingine, huanguka. Lakini hata ikianguka, sheria inamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto.

Zanzibar sheria hii haitumiki.

Kenya nako, mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliwakatalia wawili dhana ya ndoa, ila ikawagawia mali: mwanamke asilimia 70, mwanamume 30.

Mnaishi hivyo? Tunzeni nyaraka za kila mnachochuma pamoja.