Goma: Gharama ya mgeni imepanda, lakini dola hazifiki tena Lac Vert

Mgeni anayekuja Goma siku hizi anaanza kutoa dola kabla hajauona mlima Nyiragongo. Ndege yake inatua Kigali, si Goma. Toka pale analipa gari la kumfikisha Gisenyi, analipa viza ya Rwanda na ile ya Congo, na mara nyingi analala usiku mmoja njiani. Hesabu ya safari yake imepanda sana tangu mwezi wa Januari 2025. Lakini sehemu kubwa ya pesa hiyo inabaki njiani. Katika mitaa kama Lac Vert, magharibi mwa mji, ambako kuna familia zilizoishi miaka mingi kwa kazi na biashara za wageni, kinachofika ni kidogo kuliko zamani.

Lac Vert ni moja ya kartie za komine ya Goma, kwenye barabara ya kwenda Sake, kandokando ya Keshero na Mugunga. Jina limetoka kwa ziwa dogo lililo ndani ya kreta ya volkano ya zamani, karibu na mwambao wa ziwa Kivu. Maji yake ni ya kijani. Wakati wa utulivu, watalii na wafanyakazi wa mashirika walisimama hapo kupiga picha siku ya Jumapili, kisha wakaendelea na njia ya Sake na vilima vya Masisi.

Miaka ya karibuni eneo hilo lilijulikana kwa mambo mengine. Kambi za wahami wa vita zilijaa kwenye mawe meusi ya volkano, na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua raia zaidi ya 10, wengi wao watoto. Mwezi wa Februari 2025, baada ya mji kuingia mikononi mwa AFC/M23, kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa na wahami wakaambiwa warudi makwao. Mashirika yaliyokuwa yakija kila siku kugawa maji, chakula na dawa yalipunguza kazi au kufunga.

Njia imekuwa ndefu

Gharama ya kwanza ni ya kufika. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu mapigano ya Januari 2025. Kabla ya hapo ulipokea ndege za Kinshasa, za Addis Ababa, na zile za Umoja wa Mataifa zilizobeba wafanyakazi wa mashirika ya kiutu. Tarehe 30 Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Paris, rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja huo ungefunguliwa kwa ndege za msaada. AFC/M23 ilijibu kwamba haikushirikishwa.

Matokeo yake, barabara ya Kigali hadi Gisenyi, inayochukua masaa matatu hadi manne, imekuwa mlango mkuu wa mji wenye watu wanaokadiriwa kufika milioni 2. Viza ya utalii ya Afrika Mashariki, ambayo kwa dola 100 inaruhusu mgeni kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda, haifiki Congo, ijapokuwa Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Anayevuka Barrière Kubwa anahitaji viza nyingine, na akirudi anaweza kulipa ya Rwanda mara ya pili.

Kuna na gharama isiyoonekana, ile ya bima. Serikali za Marekani na Uingereza zinawashauri raia wao wasifike Kivu Kaskazini. Bima za kawaida za safari haziwalipi watu waliokwenda mahali serikali yao ilipokataza. Kwa hiyo shirika linalotuma mtu Goma linatafuta bima ya vita, na hiyo ni ya bei ya juu.

Jambo la ajabu ni kwamba Mkongomani mwenyewe anasafiri sasa kama mgeni. Anayetoka Lac Vert kwenda Kinshasa hawezi kupanda ndege mjini mwake. Hawezi pia kuruka moja kwa moja toka Kigali, kwa sababu uhusiano wa anga kati ya nchi hizi mbili umekatwa. Anapitia Entebbe, Nairobi au Addis Ababa, kwa bei ya safari ya ng'ambo, ili afike katika mji mkuu wa nchi yake.

Dola lazima iwe safi

Gharama ya pili ni ya kupata pesa yenyewe. Benki za biashara zilifunga milango Goma mwishoni mwa Januari 2025. Mwezi wa Aprili AFC/M23 ilifungua upya CADECO, lakini hiyo haikurudisha huduma za zamani. Kadi ya benki haina kazi, na mashine za kutoa pesa zimekauka.

Wenyeji wanatumia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na wanalipa komisyo kubwa kwa ajenti kila wanapotaka pesa mkononi. Mgeni anabeba dola toka Kigali. Na dola yenyewe, kama kila mtu wa Goma anavyojua, lazima iwe safi: noti yenye mpasuko mdogo, yenye wino, au ya mwaka wa zamani inakataliwa dukani, ama inapokelewa kwa hasara.

Mwaka 2025 ulileta na tatizo jingine. Mwezi wa Septemba na Oktoba, franga ya Congo ilipanda ghafla. Dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya franga 2,800 ilishuka chini ya 2,500. Kwa anayepokea mshahara kwa franga ilikuwa habari njema. Kwa anayepokea dola, awe mgeni wa shirika au shofere wake, ilikuwa kinyume, kwa sababu bei za sokoni hazikushuka kwa mwendo uleule.

Bei inayojizalia yenyewe

Wageni wenye dola si jambo jipya Goma. Mwezi wa Julai 1994, karibu watu milioni moja walivuka mpaka wakikimbia Rwanda, na Mugunga, jirani wa Lac Vert, ikawa moja ya kambi kubwa kuliko zote. Mashirika yalikuja kwa mamia ya magari. Kisha ujumbe wa amani wa Umoja wa Mataifa, MONUC, uliundwa 1999, na 2010 ukaitwa MONUSCO. Kila vita, na pia mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 uliofunika sehemu ya mji, vilileta wageni zaidi.

Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Gent, Ubelgiji, Karen Büscher na Koen Vlassenroot, walieleza jambo hilo katika uchunguzi uliotoka 2010: kuwepo kwa mashirika kulibadilisha sura ya Goma, kukapandisha bei ya viwanja na nyumba, na kukaongeza tofauti kati ya mitaa. Nyumba za mwambao wa ziwa, Himbi na Les Volcans, zilijengwa kwa kumfikiria mpangaji wa shirika: ukuta mrefu, jenereta, tangi la maji, chumba cha walinzi. Kodi yake ilihesabiwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi.

Kuna na utaratibu unaofanya bei ijizalie yenyewe. Posho ya mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa aliye safarini hupangwa na tume maalum ya New York, ambayo huangalia bei za hoteli na chakula za kila mji. Hoteli ikipandisha bei, posho inapanda. Posho ikipanda, mwenye hoteli anaona mgeni ana uwezo, na anapandisha tena.

Ndiyo sababu mji maskini unaweza kuwa ghali kwa mgeni kuliko mji tajiri. Mwaka 2016, kampuni ya Mercer, ambayo hulinganisha gharama za wafanyakazi wa kigeni katika miji zaidi ya 200, iliweka Kinshasa nafasi ya 6 duniani, mbele ya New York na London. Mwaka uliofuata Luanda, Angola, ilikuwa ya kwanza kabisa. Katika miji hiyo mgeni analipia hasa nyumba yenye usalama, umeme usiokatika, na bidhaa zilizotoka mbali. Sombe, maharagwe na sambaza si sehemu kubwa ya hesabu yake.

Mkaaji wa kawaida hakupanga Himbi, lakini bei ilimfuata. Aliyeshindwa kodi ya katikati ya mji alisogea Keshero, toka Keshero akasogea Lac Vert au Mugunga, na kila mahali alikuta wenye nyumba wanahesabu kwa dola na kudai garanti ya miezi mingi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Wapangaji wachache sana wanaijua.

Gorila na hesabu ya majirani

Upande wa utalii hesabu ni nyingine. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, iliuza kwa bei ya chini kuliko majirani. Kibali cha kuona gorila wa milimani kilikuwa dola 400, na kupanda Nyiragongo dola 300. Rwanda ilipandisha kibali chake toka dola 750 hadi 1,500 mwezi wa Mei 2017. Uganda ilitoka 700 ikafika 800 mwezi wa Julai 2024.

Kwa bei peke yake, watalii wangejaa Congo. Wako waliofanya hesabu hiyo, wakavuka toka Kigali kuja kuona gorila kwa robo ya bei ya Rwanda au karibu nayo, wakalala Goma au kwenye kambi ya kisiwa cha Tchegera, mbele ya mwambao wa magharibi. Lakini bei nafuu haikuweza kushindana na usalama. Mwezi wa Mei 2018 mlinzi mmoja wa hifadhi aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa, na Virunga ikafungwa hadi Februari 2019. Machi 2020 ilifungwa tena kwa ajili ya Korona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Muda mfupi baadaye vita ya M23 ilianza upya, katika misitu ileile ya gorila huko Rutshuru.

Rwanda inauza gorila kwa bei mara nne karibu na inapata wageni, kwa kuwa mtalii ana hakika atafika na atarudi. Congo iliuza kwa bei ya chini, na gharama ya wasiwasi ikaongezwa juu: gari lenye ulinzi, bima, siku za ziada za kungoja barabara ifunguliwe.

Nani analipa mwisho wa hesabu

Gharama ikipanda hivi, mgeni ana njia mbili: alipe au asije. Watalii hawaji tena. Mashirika yalikuwa yakilipa, lakini nayo yamebanwa. Tarehe 20 Januari 2025, wiki moja kabla ya M23 kuingia Goma, rais wa Marekani Donald Trump alisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa rasmi. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kiutu Congo. Shirika lenye pesa pungufu na safari ghali linabakiza ofisi ndogo, au linasimamia kazi toka Kigali na Nairobi.

Kila mgeni anayeondoka anaacha nyuma watu waliomzunguka: shofere, walinzi wa zamu, mpishi, fundi wa jenereta, mama anayeuza mboga kwa jikoni yake, motari anayempeleka mpishi kazini. Mshahara mmoja wa shirika ulilipa minerval ya watoto na mara nyingi kodi ya ndugu. Ukikatika, mkopo unaanza kwenye duka la jirani, na jirani naye anashindwa kujaza duka lake.

Kwa wapangaji mtu angesema kuna faida, kwamba nyumba tupu zitashusha kodi. Lakini villa iliyojengwa kwa ajili ya shirika haigeuki kuwa nyumba ya mwalimu. Aliyepoteza kazi hawezi kuipanga hata kwa nusu bei, na mwenye nyumba aliyejenga kwa mkopo anangoja dola zirudi.

Mambo matatu ndiyo yatakayoonyesha kama hesabu hii inageuka: ndege zikitua tena Goma, benki zikifungua, na barabara ya Sake ikiwa salama hata kwa safari ya Jumapili. Yote matatu yanategemea mazungumzo yanayofanyika mbali, Doha na Washington. Lac Vert, wakati huo, wanasubiri kuona kama magari yatasimama tena kando ya ziwa lao, na kama atakayeshuka atakuwa na kazi ya kuwapa.