Nyumba ya Mlowezi Yatazama Wapi?

Msafiri atokaye Mwambao, akishaipita Kericho kuelekea Litein, huona chai kulia na kushoto. Na juu ya vilima, nyuma ya miti mirefu, huona nyumba kongwe za walowezi. Kuta ni za mawe. Paa la mabati limeinamishwa kwa ajili ya mvua nyingi, na dohani hukumbusha baridi ya usiku. Mbele pana varanda pana. Jiko na vyumba vya watumishi viko nyuma, mbali na macho ya mgeni.

Asidhani msomaji kuwa ni za Makaburu, wale wenye asili ya Kiholanzi walioteremka Mombasa mwaka 1908. Hao walikwenda Uasin Gishu. Huku walikuja Waingereza. Mwaka 1919 maafisa wa jeshi waliojeruhiwa vitani walipewa ekari 25,000 Kericho walime kitani. Bei ikaanguka, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay.

Ardhi ilikuwa na wenyewe. Wakipsigis walisukumwa kando, na wengi wakawa vibarua juu ya udongo wa babu zao. Kuanzia mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka 2022 malalamiko yao yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Nasi tuna nyumba zetu za mawe. Ile ya Lamu huweka baraza mlangoni, jirani aketi na mpita njia asalimiwe, na sitara ya wenyewe ikabaki ndani. Varanda ya mlowezi yatazama shamba. Baraza humkaribisha mtu. Varanda ile ilimsimamia.

Mtume wetu (s.a.w.) amemwonya vikali mwenye kudhulumu ardhi, ijapokuwa shibiri moja. Jiwe halina dhambi, na fundi aliyelichonga anastahili sifa yake. Lakini uzuri wa nyumba hauihalalishi ardhi iliyo chini yake. Basi sisi wa Mwambao, tunaoyajua machungu ya uskwota, tukitaka kununua kiwanja tusiulize bei pekee. Tuulize pia: ni nani aliyeondolewa hapa, na je, aliridhika?

Wabillahi tawfiq.