Nyongeza za Tovuti: Urahisi Wetu na Usalama wa Orodha



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi: kwa nini tovuti ya chama inasumbua? Katibu akitaka kuingiza majina ya wanachama wapya hudaiwa neno la siri, kisha namba nyingine inayoletwa kwa simu. Ndugu wa Kabonga wanalalamika zaidi, kwa sababu pale mpakani simu hushika mtandao wa Tanzania na namba haifiki. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kwanza tueleze kinacholindwa.

Kinacholindwa ni orodha: jina, namba ya simu, mahali pa kazi na mchango wa kila mmoja. Ikimfikia mwajiri asiyependa chama, atajua nani wa kumwachisha kazi. Ikimfikia mwizi, atawapigia wanachama akijifanya mweka hazina.

Tovuti hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva. Programu yake ya msingi hufanya kazi chache; mengine huongezwa kwa programu ndogo za nyongeza, nyingi zikiwa zimetengenezwa na watu wengine. Kila nyongeza ni kama mlango mpya uliotobolewa katika ghala la mawese: mapipa yanatoka upesi, lakini mlango ule nao unataka kufuli na mlinzi.

Mwaka 2020 nyongeza iitwayo File Manager, ya tovuti za WordPress, ilikuwa katika tovuti zaidi ya 700,000. Kazi yake ilikuwa kumrahisishia mwenye tovuti kupanga mafaili yake. Ndani yake watengenezaji waliacha faili moja la mfano, ambalo nyongeza yenyewe haikulitumia, likiwa tayari kupokea amri. Mtu yeyote, bila neno la siri, aliweza kuingiza faili lake ndani ya seva. Marekebisho yalitolewa tarehe 1 Septemba, lakini wavamizi walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Aliyechelewa kurekebisha alikuwa hatarini, hata neno lake la siri lingekuwa refu kama reli ya Kigoma.

Ndiyo sababu tumekataa nyongeza iliyopendekezwa, ya kupeleka orodha kwa kubonyeza mara moja tu. Nyongeza zote zisizotumika tumeziondoa.

Lakini ulinzi mkali kupita kiasi nao hujiharibu wenyewe. Tawi moja lilichoka kungoja namba, likaandika neno la siri kwa chaki ukutani, karibu na bei ya mawese! Hatukumkaripia sana katibu. Kosa la kwanza ni letu, tuliopanga utaratibu tukiwa Rumonge mjini ambako mtandao upo.

Basi tumebadili. Kusoma habari na matangazo hakutaki tena neno la siri. Namba ya pili inabaki kwa wale tu wanaofungua orodha, nayo itatolewa na programu ndani ya simu, isiyohitaji mtandao, ikibadilika kila sekunde 30. Asiye na simu ya namna hiyo atapewa karatasi ya namba kumi. Kila namba hutumika mara moja.

Ndugu wa Kabonga, angalieni saa. Programu hiyo huhesabu kwa saa ya simu. Simu ikishika mtandao wa Tanzania huonyesha saa moja mbele. Usiirudishe nyuma kwa mkono, maana namba zitakataliwa. Iache ijirekebishe yenyewe.